Seti ya brashi ya hewa yenye kompresa ya lita 3: inamfaa anayejifunza kuchora sura Bagamoyo?

Seti inayozungumziwa hapa ndiyo ile inayouzwa sana mitandaoni kwa nembo tofauti tofauti. Ndani ya boksi mna kompresa ndogo isiyotumia oili, yenye tangi la lita 3; brashi moja ya hewa, yaani kifaa cha kushika kama kalamu kinachopuliza rangi kwa hewa, yenye kikombe juu; nozeli na sindano za mm 0.2, 0.3 na 0.5, mpira wa hewa, kispana kidogo cha nozeli, na mara nyingi chupa kadhaa za rangi. Nembo hubadilika, mtambo ni uleule.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kompresa inastahili fedha yake, brashi inatosha kuufundisha mkono, na rangi ni za kuacha. Ila seti hii haikutengenezwa kwa hewa ya pwani yetu wala kwa ngozi za watu tunaowachora, na kijitabu chake hakigusi lolote kati ya hayo mawili. Asiyeyajua atadhani mkono wake ndio mbovu.

Tuanze na kompresa. Bamba lake huandikwa nguvu ya farasi 1/6 au 1/5. Hujizima presha ikifika bar 4 na kuwaka tena ikishuka bar 3. Zipo seti za bei ya chini zaidi zisizo na tangi, na hizo usinunue kwa kazi ya sura. Pistoni hutoa hewa kwa mapigo, na bila tangi la kuyatuliza, mapigo hayo husafiri hadi kwenye ncha ya sindano na mstari unatoka na vifundo kama kamba ya usumba. Ukiandika jina kwenye bajaji huenda usione. Ukichora kope utaona. Seti za kuchaji, zenye pampu ndogo iliyoshikana na brashi, zina ugonjwa huohuo. Zinafaa keki na vipodozi.

Wengi hununua hiyo ya kuchaji kwa hofu ya umeme kukatika, kwa hiyo hesabu ya tangi ni hii. Brashi ya mm 0.3 kwenye presha ya bar 1.5 hula lita 10 hadi 15 za hewa kwa dakika. Tangi la lita 3 likishuka kutoka bar 4 hadi bar 1.5 linatoa lita 7.5 tu. Umeme ukikatika una nusu dakika ya kupuliza, zaidi kidogo ukibahatika. Usiitumie kumalizia pua. Mwaga rangi iliyo kikombeni, tia maji safi, puliza mpaka yatoke meupe, ili rangi isikaukie ndani.

Anayeona hilo halimtoshi aangalie kompresa ya aina wanayotumia mafundi pancha. Tangi la lita 24 lililojaa hadi bar 8 hutoa zaidi ya lita 150 kabla ya kufika bar 1.5, yaani dakika kumi na ushei bila umeme. Kasoro yake ni kelele, na mdomo wake kwa kawaida ni wa inchi 1/4 wakati mpira wa brashi ni wa inchi 1/8. Utahitaji kiungio cha kupunguza, pamoja na regyuleta, yaani kidhibiti cha presha, yenye geji inayosomeka vizuri chini ya bar 2. Kompresa ya friji iliyoundwa upya na fundi ni kimya sana na ina wapenzi wake, lakini hutumia oili na oili hiyo husafiri na hewa. Tone moja likitua kwenye karatasi, rangi ya maji haishiki hapo, na unabaki na kidoa cha mviringo katikati ya shavu. Na kama tangi lake halina vali ya usalama, usiiwashe kabisa.

Sasa unyevu, ambao ndio unaowasumbua watu wa pwani kuliko kitu kingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hali ambayo mtu wa Bagamoyo haishangai, hubeba gramu 24 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikibanwa hadi bar 4 kisha ikapoa, haiwezi kushika zaidi ya robo ya maji hayo. Yaliyobaki yanageuka matone ndani ya tangi na mpira. Ukipuliza saa nzima mfululizo, umekusanya karibu kijiko kimoja cha chakula. Kichungi cha maji kilichofungwa chini ya regyuleta hukamata sehemu tu, kwa sababu hewa hufika hapo ikiwa bado na joto la pistoni, na humalizia kupoa ndani ya mpira. Ndiyo maana brashi huanza kutema vitone baada ya nusu saa, si mwanzoni. Mwanafunzi huhangaika na rangi, anaongeza maji, anabadili sindano, kumbe rangi haina kosa.

Dawa yake si ghali. Ongeza mpira ufike mita 3, uachie pinde moja ining'inie chini kuliko meza ili maji yakae hapo, na funga kichungi kidogo cha pili karibu na brashi. Puliza dakika 20 hadi 30, kisha ipumzishe kompresa robo saa, kwani ikipata moto sana hutoa hewa ya moto na maji zaidi yanapita. Kila ukimaliza kazi, toa presha yote na ufungue kizibo cha chini ya tangi. Usiseme utafungua kesho. Tangi ni la chuma na maji yakilala humo linaliwa kwa ndani, mahali usipopaona. Chumvi nayo haisubiri mwaliko: TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, iko ufukweni, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa hapa haziko mbali na maji. Kompresa ikae ndani, juu ya kibao, ifunikwe kwa kitambaa baada ya kupoa, isiachwe barazani inakopigwa na upepo wa bahari.

Brashi yenyewe ni ya vitendo viwili. Ukibonyeza kitufe unatoa hewa. Ukikivuta nyuma, sindano inarudi na rangi inatoka. Kadiri unavyovuta ndivyo rangi inavyozidi. Kanuni ya kukariri kabla ya kujaza kikombe ni hii: hewa ya kwanza kuja, hewa ya mwisho kuondoka. Bonyeza, ndipo uvute. Rudisha mbele, ndipo uachie. Mwenye kuachia hewa kabla ya kurudisha sindano huacha tone kwenye ncha, na mstari unaofuata huanza na doa. Madoa mengi ya mwanafunzi yanatoka hapo.

Fungua seti na nozeli ya 0.3. Ile ya 0.2 inavutia kwa sababu inaahidi nywele na vinyweleo, lakini kwa joto letu na rangi za kawaida huziba kila mara na mtu anakata tamaa mapema. Ya 0.5 ni ya mandhari ya nyuma na vitambaa. Kila nozeli ina sindano yake. Ukichanganya, rangi huvuja hata kitufe kikiwa mbele.

Udhaifu wa brashi hii uko kwenye nozeli. Ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele, kina nyuzi nyembamba sana, na kispana kilichomo boksini kina nguvu kuliko kinavyoonekana. Kaza kwa vidole, kisha ongeza kidogo mno kwa spana. Ikikatika, nusu hubaki ndani, na kuitoa ni kazi ya fundi mwenye mkono wa sonara. Dalili ya nozeli iliyopasuka au isiyokaa vizuri ni mapovu kikombeni unapopuliza: hewa inarudi nyuma kupitia njia ya rangi. Mstari ukienda upande mmoja, ncha ya sindano imepinda. Ipitishe taratibu kwenye ukucha, itakwaruza. Ilaze kwenye msasa namba 2000, ivute kinyumenyume, ncha ikifuata nyuma, huku unaizungusha, mara chache tu, na mara nyingi itanyooka ya kutosha. Hewa ikivuja, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Penye mapovu, zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Kwa kulinganisha, Iwata Eclipse HP-CS ya Japani ina nozeli ya mm 0.35 inayokaa bila kuhitaji spana, na mwendo wa kitufe chake ni laini toka siku ya kwanza. Mara nyingi brashi hiyo peke yake inauzwa ghali kuliko seti hii nzima. Inastahili, lakini si kwa mwezi wa kwanza, wakati mkono bado unaangusha vitu.

Kuhusu tina: wachora mabango wengi wameizoea kwa sababu ya rangi za gari, na hapa itakuharibia. Vizibo vya mpira vilivyomo kwenye brashi za bei hii huvimba vikikutana nayo, kitufe kinakuwa kizito, kisha hewa inavuja shingoni. Tumia rangi za maji, yaani akriliki. Kusafisha rangi iliyokauka, spiriti ya duka la dawa kwenye pamba inatosha, nayo isigusane na vizibo vya mpira.

Rangi ya kupuliza iwe nyepesi kama maziwa yaliyoondolewa malai. Ukiitingisha kikombeni, iteleze ukutani na kuacha utando unaopitisha mwanga. Kwa akriliki ya chupa anza na matone 5 ya rangi kwa matone 10 ya maji. Na maji yenyewe yasiwe ya kisima: visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hukauka kwenye ncha ya sindano. Nunua maji ya betri kwenye duka la spea, yale yaliyotoneshwa, na usome lebo, kwa kuwa asidi ya betri nayo huuzwa humohumo. Maji yakizidi sana, gundi ya akriliki inalegea na rangi itafutika ukiigusa. Hapo ongeza tone la akriliki isiyo na rangi, ile inayouzwa kama midiamu. Chuja kila kitu kwa soksi ya nailoni. Joto likikausha ncha kila dakika mbili, tone 1 la glisirini kwa matone 30 ya mchanganyiko linasaidia. Usizidishe. Kwenye unyevu huu picha itabaki inanata kwa siku nyingi na kukusanya vumbi.

Presha: bar 1 hadi 1.4 kwa mistari na sehemu za jicho, bar 1.7 hadi 2 kwa mandhari. Umbali: sentimita 1 au chini kwa mstari, 3 hadi 5 kwa kivuli cha shavu, 15 kwa mandhari. Rangi ikitawanyika kwa vijimiguu kama buibui, umekaribia mno huku umevuta kitufe mno, au rangi ni maji matupu. Ikitua ikiwa imekauka, inakwaruza kama unga, uko mbali mno au presha ni kubwa.

Kijitabu cha seti kinaruka moja kwa moja kutoka kufunga mpira hadi picha ya uso. Mwenye haraka hiyo ataharibu karatasi nyingi. Wiki mbili za kwanza ziwe za rangi moja, nyeusi iliyochanganywa na kahawia, kwenye magazeti ya zamani: nukta zilizopangwa kwenye miraba ya sentimita 2, kisha mistari ya kuunganisha nukta hizo, kisha mstari wa jambia, unaoanza mnene na kuisha kwa ncha kali. Huo wa jambia ndio nywele, nyusi, kope, mikunjo ya mdomo. Fanya mia kwa siku, mkono ukitembea kabla ya kitufe kuvutwa na ukiendelea kutembea baada ya kuachiwa. Baada yake chora tufe: mpira wenye mwanga upande mmoja na kivuli kinachoyeyuka bila mpaka. Anayeweza tufe anaweza paji la uso. Halafu jicho pekee, pua pekee, mdomo pekee, kila kimoja mara kumi, kabla ya kuviweka pamoja.

Kuhamisha mchoro, gawa picha kwa miraba au paka penseli laini nyuma ya nakala na ufuatishe. Epuka karatasi ya kaboni ya ofisini, ina nta, na nta huikataa rangi ya maji. Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Kama ni kitambaa, amerikani iliyowambwa vizuri kwenye fremu na kupakwa emalshani nyeupe mara tatu, ikipigwa msasa laini kila mara, hubeba sura bila tabu. Ukiacha vinundu vya uzi, utavipuliza vyote na mzee wako atatoka na ndui. Kwa stensili, filamu ya zamani ya eksirei inakatika vizuri kwa wembe na haivimbi ikilowa. Usiilaze chini kila wakati. Ukiinyanyua milimita 3 hadi 5, ukingo unalainika, na ukingo laini ndio unaotofautisha kidevu cha mtu na kidevu cha bango.

Jambo la pili ambalo kijitabu kimelinyamazia ni ngozi. Kwenye chupa za seti huwemo moja iliyoandikwa rangi ya ngozi. Ni ya waridi iliyopauka, rangi ya watu wa baridi, na haina kazi kwenye uso wa mtu wa Bagamoyo. Chupa nyingine ni nzito, zinafunika kilicho chini yake. Mwanafunzi anachofanya ni kuchukua kahawia na nyeusi kupiga uso mzima, kisha kurudi na nyeupe kutafuta mwanga wa paji na pua. Na hapo picha inakufa: nyeupe ikipulizwa kwa vumbi jembamba juu ya rangi ya giza huonekana ya bluu, kama moshi, kwa sababu chembe hizo ndogo hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwingine. Uso unakuwa na majivu. Hakuna mkono hodari unaoweza kukwepa hilo kwa nyeupe tupu.

Njia inayofaa ngozi yetu inaenda kinyume: toka mwangani kwenda gizani, kwa rangi zinazopitisha mwanga, juu ya karatasi nyeupe. Weka kwanza utando wa manjano ya udongo uso mzima, ukiruka sehemu zinazong'aa kabisa. Jenga maumbo kwa kahawia nyekundu inayopitisha mwanga, tabaka nane, kumi, kumi na mbili, kila moja nyepesi kiasi cha kuhisi hujafanya kitu. Pembe za pua, masikio na midomo zipate nyekundu kidogo. Vivuli vizito, chini ya kidevu na kwenye nywele, vipate zambarau au bluu juu ya kahawia. Nyeusi ya chupani huzima uhai, iachie mboni na tundu za pua. Mng'ao wa paji unaweza kuurudisha kwa kifutio kigumu au kwa kukwaruza na ncha ya wembe, na tabaka la chini likitokea, lina joto lake. Ukilazimika kutumia nyeupe, itie tone la manjano au la chungwa kwanza, kisha pitisha kahawia nyembamba juu. Ubuluu kidogo wa kweli upo kwenye ngozi nyeusi chini ya mwanga wa anga, kwenye mashavu hasa, lakini uweke kwa kukusudia, sehemu yake tu.

Rangi za kupitisha mwanga zilizotengenezwa kwa brashi ya hewa, kama za Createx, ni bora kuliko za seti kwa mbali. Nne zinatosha kuanzia: manjano ya udongo, kahawia, nyekundu, bluu. Fedha utakayookoa kwa kununua seti isiyo na rangi iende huko.

Mtandio ni rafiki wa brashi hii, mikunjo yake ni vivuli vinavyoyeyuka tu. Kofia ya kiua ni mtihani. Iache mpaka mstari wako wa jambia ukae sawa.

Vaa barakoa yenye vichungi, hata kwa rangi ya maji. Vumbi lake ni jembamba, na ile ya kitambaa hailizuii. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana. Rangi za gari zenye hadina, yaani dawa ya kuzigandisha, usipulize kabisa chumbani.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji awashe. Hesabu: tangi likijaa, kompresa izime yenyewe na ikae kimya dakika tano bila kuwaka, ikiwaka, inavuja. Tia maji kikombeni, puliza kwenye karatasi ya kahawia, uangalie kama duara ni la mviringo au limelala upande. Chomoa sindano, iangalie kwa lenzi au kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu. Fungua nozeli kwa vidole vyako mwenyewe, irudishe. Na kabla hujaondoka chukua nozeli mbili za ziada za 0.3 na sindano zake, za aina hiyohiyo, kwa sababu za brashi nyingine hazitaingia.